Pompe Niliyoambiwa Nisiiguse

Siku ile ya Kasugho naikumbuka vizuri, mwanangu, hata pale ninapotamani kuisahau. Nilikuwa kijana bado, najifunza umakanika kwa Mzee Paluku, aliyekuwa na atelier yake, karakana ndogo, hapa Kimemi, mjini Butembo. Tulitengeneza mota ndogo za mazout, yaani dizeli, hasa zile zinazoendesha mashini za kusaga unga. Nilishika kazi haraka, na wenzangu wakaanza kuniita ingénieur. Walikuwa wakitania. Mimi nilisadiki.

Basi Mama Katungu, mjane wa kijijini Kasugho, alituma habari kwamba mota ya mashini yake inakohoa. Inawaka, inaruka mapigo, inatoa moshi mweupe, kisha inazimika. Na kwa jirani yake kulikuwa na kilio. Watu walikuwa wanafika mazishini kutoka kila upande, na unga wa bugali ulitakiwa mchana uleule.

Mzee Paluku alikuwa amebanwa na kazi nyingine, akanituma nitangulie kwa pikipiki, nikibebwa na motari wa kukodi.

"Anza ku mazout," aliniambia. "Angalia maji, angalia uchafu, toa hewa ndani ya tiyo inayopitisha mazout. Pompe usiiguse. Ikikushinda, tuma motari anikujie."

Nilikuta banamama wamejaa uani, kila mmoja na beseni lake la muhogo mkavu. "Ingénieur amefika!" mmoja akapaza sauti. Jina hilo alilipata kwa yule motari, na motari alilipata kwangu njiani.

Mbele ya macho yale yote, mwanangu, kufungua filtre, lile chujio, na kutazama kama mazout ina maji niliona ni kazi ya mtoto. Nikaenda moja kwa moja kwenye pompe, ile inayosukuma mazout ndani ya mota, kwa sababu ina vyuma vidogo vingi na ningeonekana fundi. Nilipolegeza kifuniko chake, resori moja ndogo, springi ya ndani, iliruka kama panzi, ikapotelea kwenye maganda ya muhogo.

Nilipiga magoti nikaitafuta. Banamama nao wakainama, wakapekua maganda kwa vidole. Hatukuiona.

"Niende kumuleta Mzee?" motari akaniuliza.

"Hapana. Ni kitu kidogo tu."

Jua lilizidi kupanda. Mama Katungu akaja kusimama karibu yangu, na hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimwambia pompe yake imekufa kwa uzee.

"Imekufa? Bwana yangu aliiacha muzima," akasema, akakaa chini pale kizingitini. "Batoto banakulaka ku hii mashini."

Nilijifanya napangusa funguo za kukazia nati.

Mzee Paluku alifika mwenyewe, kazi yake ilipomwachia nafasi. Mama Katungu akamwambia nilichosema. Hakunitazama. Alifungua filtre, akamwaga mazout yake ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha ndani, akaiinua juani. Mazout ilikaa juu, maji chini. Kisha akaiona pompe iliyo wazi.

"Resori iko wapi?"

"Ilipotea, Mzee."

Nilingoja kofi. Yeye akawageukia watu, akavua kofia.

"Banamama, mutusamehe. Mota ilikuwa na maji tu. Pompe ilikuwa muzima, ni sisi tuliiharibisha. Huyu kijana ni mimi nilimutuma, donc kosa ni yangu. Resori nitaitafuta Butembo, nitairudisha mwenyewe. Mais leo hatutasaga."

Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningepumua. Waliinua mabeseni yao vichwani, wakatoka, na baada ya kitambo kidogo nikasikia vinu vikianza kulia, uani kwa huyu, uani kwa yule. Mzee Paluku alivua koti, akaingia kwenye nyumba ya kilio, akaomba mchi.

"Hapana, Mzee! Hii hapana kazi yako," wakamzuia.

"Leo ni kazi yangu."

Akatwanga, yule mzee wa mvi, akihema. Nikachukua mchi mwingine, nikasimama kando yake. Nilimwaga unga nje ya kinu, na bibi mmoja akawa anaukusanya kwa kiganja. Chakula kilichelewa. Waliotoka mbali, wengine walishika njia ya kurudi na njaa, nami niliwaona wakipita.

Njiani, tukirudi nyumbani, Mzee alisema jambo moja tu. "Pompe itapona. Ule mama uliyemuambia kitu cha bwana yake kimekufa, utamurudishia nini?"

Tulirudi Kasugho na resori, mota ikanguruma vizuri. Nilimwomba Mama Katungu msamaha, akaniitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupokea muhogo wa watu. Alikuwa na haki.

Sasa sikia, mwanangu. Ukiitwa kwenye kitu kilichoharibika, anza na lile jepesi, hata kama watu watakucheka. Neno "sijui" liseme kabla ya kufungua, maana baada ya kufungua wengine ndio watakaolipia. Ukiharibu, usimtwike mwenye mali kosa lako. Na kama siku moja wewe ndiye mkubwa, na mdogo wako ameanguka mbele za watu, simama naye kwanza. Ya kumwambia, mwambie njiani.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo usioogopa kuuliza. Kila uani utakapoingia na sanduku lako la kazi, wakuage kwa furaha. Na nyumba yako isikose unga.