Lutuku ya safari

"Maji sitaki, yatatusimamisha njiani," mfanyabiashara mmoja alimwambia motari wetu, dereva wa pikipiki, pale Kabambare. Akameza lutuku, pombe yetu kali, akapangusa midomo, akapanda pikipiki nyuma yangu.

Kila kilima alimgonga motari bega, akashuka, akakimbilia majani kukojoa. Tulipofika Salamabila alikuwa anayumba, ulimi umekauka. Mama muuguzi wa kituo cha afya alimpa maji huku akicheka: "Papa, ubongo unatuma homoni kwa figo, inaziambia zishike maji. Pombe inazuia ile homoni. Maji yako yote umeyaacha kwa majani!"

Ubongo unafikisha ujumbe kwa figo kila siku, bila pikipiki wala barabara. Sisi tunaufungia njia kwa glasi ya lutuku, halafu tunayasingizia maji.