Blanketi la Waranti

Wanaume wengi wakistaafu huku kwetu hununua ng'ombe wa maziwa, au mashine ya kusaga, au kiploti karibu na lami watakachokikalia wakisubiri bei ipande. Mume wangu alinunua pikipiki ya maji. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo, maana hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilimwomba arudie.

Si kwamba alirukwa na akili. Tunaishi upande wa Gachoka, nchi ya jua, mtama na ndengu, lakini nyuma ya vilima vyetu Mto Tana umezuiwa ukawa bwawa pana la umeme. Mume wangu alifanya kazi hapo bwawani tangu ujana wake. Kazi ilikuwa kusoma mita na kuangalia maji yamefika wapi, na miaka yote hiyo aliyaangalia akiwa nyuma ya ua wa waya. Jumapili wageni huja ukingoni kula samaki, na wakishashiba hukaa tu wakitazama maji bila la kufanya. Yeye aliwatazama watu hao akaona biashara. Mimi niliwatazama nikaona watu walioshiba.

Kitu chenyewe kilikuwa kipya kabisa, cha buluu na cheupe, kikaja kutoka Nairobi juu ya trela, kiti chake bado kimefunikwa nailoni. Kilikuja na kitabu kinene cha maelezo, na kilikuja na waranti. Hilo neno waranti lilimkaa mume wangu mdomoni kuliko jina langu. Nikiuliza ikiharibika itakuwaje, waranti. Nikiuliza ni fundi gani kati ya hapa na Siakago amewahi hata kukiona kitu kama hicho, waranti. Nikaacha kuuliza, kwa sababu mtu akishapata neno la namna hiyo humwezi.

Basi, badala ya kuteremka nacho moja kwa moja hadi bwawani, alipitiliza Embu mjini akapanda nacho mpaka Kibugu, kwa mama yangu. Wachuma chai waliacha kuchuma wakatazama mashine ya kwenda majini ikivutwa na pikapu kuelekea mlimani. Mmoja alituuliza kwa heshima kama tumepotea.

Ni lazima nieleze hapo. Mama ni mtu wa majani chai, ukungu na sweta. Siku nilipomwambia ninaolewa huku Mbeere aliniuliza jambo moja tu, kama huko kuna maji. Hakuuliza kwa ubaya, lakini mume wangu aliambiwa, na hakusahau. Isitoshe, tangu nilipoolewa wawili hao wameishi kwa haya ya ukwe ya kizamani. Mama humpikia, humtumia salamu kupitia kwangu, lakini haketi alipoketi yeye, hampi mkono, na wakikaribia kukutana mlangoni mmoja hubaki uani mpaka mwenzake apite. Wengi kanisani wameiacha desturi hiyo. Mama hajaiacha, na mume wangu, aliyelelewa vivyo hivyo, hajawahi kumtaka aiache. Ila alitamani sana mama aione pikipiki ile. Alitaka ajue kwamba binti yake aliolewa penye maji.

Mama alikuwa amewaita wanawake wa kikundi chake na mzee wa kanisa waje kuibariki. Katika kanisa lao gari hubarikiwa likiwa linanguruma, ili maombi yaingie ndani ya injini. Wamebariki hivyo matrekta, malori, hata mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Sasa, muuzaji alikuwa amemweleza mume wangu kwamba injini ile hupozwa na maji inayoyavuta kutoka chini, na kwamba nje ya maji haifai kuwashwa ila kidogo tu, kisha izimwe. Njiani alinieleza mimi pia, mara kadhaa, kwa ile furaha yake ya kueleza mitambo.

Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, mbali, kwa sababu mkwe alikuwa uani. Alinituma nimwambie awashe. Akawasha. Mzee akaomba, akamaliza, na mume wangu akanyoosha mkono azime. Hapo nikatumwa tena. Nilienda nikamnong'oneza kwamba mama anasema wimbo haujaisha. Mume wangu anaweza kunikatalia mimi, anaweza kumkatalia bosi wake, lakini kumkatalia mama mkwe mbele ya kanisa lake zima hakuweza. Akarudisha mkono. Wimbo ule una beti nyingi, na ubeti wa mwisho unapendwa, kwa hiyo waliurudia. Mpira ndani ya injini ukaanza kunuka. Moshi ukatoka, na mwanamke mmoja akawaonyesha wenzake jinsi ulivyopanda wima, akisema maombi yamepokelewa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda bwawani. Majirani walikuja, wageni wa kula samaki walikuja, na mume wangu akaingia majini na jaketi yake ya kuelea. Aliondoka vizuri mno. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kutofurahi nilijikuta nimesimama napiga kelele kama wengine. Kisha tukasikia mlio mwembamba, taa nyekundu ikawaka, na pikipiki ikanyamaza katikati ya maji naye yuko juu yake ameketi wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Wavuvi walimfuata na boti yao wakamvuta kwa kamba. Aliiacha ipoe, akajaribu tena Jumapili ya pili, na safari hiyo haikufika hata pale ilipofika mwanzo. Majirani wakaanza kumsalimia kwa jina la Kapteni.

Jioni hiyo alirudi nyumbani bado amevaa jaketi, akala nayo. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kumkumbusha nilichokuwa nimesema. Pesa zote za kustaafu zilikuwa ndani ya kitu hicho, na hakuwa na mpango mwingine. Aliniambia kwamba waranti ikimkataa, amekwisha. Alipopiga simu Nairobi waliahidi kutuma fundi Jumamosi aifungue aone. Ikiwa kasoro ni ya kiwandani watatengeneza kila kitu bure. Ikiwa ni kosa la mwenyewe, shauri yake.

Mimi nikampigia mama kumpa habari, na hapo ndipo nilipoharibu bila kujua. Nilimwambia watu wa waranti wanakuja Jumamosi. Akauliza waranti hiyo imeandikwa jina la nani. Nikasema la mume wangu, yeye si ndiye mwenye pikipiki? Akauliza, na wakiona kosa ni lake? Nikasema basi, ameumia. Akauliza kama itabidi kwenda mpaka Nairobi. Nikasema huenda, na kwamba mambo ya Nairobi huchukua wiki kadhaa. Mama akasema sawa, akakata simu bila hata kuuliza watoto wanaendeleaje.

Mimi ni mtu wa ofisi, na ofisini waranti ni karatasi ya friji. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Nilipokuwa mdogo askari walimchukua baba kutoka shambani mwa chai wakiwa na waranti, kwa ajili ya miti ya msituni ambayo si yeye aliyeikata. Mama aliteremka Embu kwa miguu kwenda kumsemea, akambebea blanketi, kwa kuwa alisikia mle ndani sakafu ni baridi. Baba alirudi, lakini tangu siku ile akisikia gari likigeuka njia panda alikuwa akiinuka kwenye kiti.

Jumamosi mama akatokea kwetu. Alikuwa hajaja Gachoka kwa miaka, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya haya, na mimi nikafurahi sana. Alikuwa na nguo zake za kanisani na kiondo kilichojaa. Nikachungulia nikaona blanketi zito, sweta na kipande cha sabuni. Nikamcheka. Nikamwambia huku kwetu blanketi kama hilo ni la kumchomea mtu. Akasema hajui atalala wapi. Nikadhani anajivunga tu ili nimbembeleze alale kwangu.

Fundi alifika, kijana mpole mwenye kofia na sanduku la vyuma. Akainua kiti cha pikipiki, akaingiza mikono. Mume wangu alisimama kando yake mikono nyuma, na mama aliketi mlangoni pa jikoni, amegeuka nusu, kama kawaida yake. Baada ya muda fundi akachomoa kipande cha mpira kilichoyeyuka kikawa cheusi. Akakinusa. Akauliza, "Mzee, hii imewahi kuwashwa ikiwa nje ya maji?"

Mume wangu si mwongo. Hata kuwaambia wageni kwamba hayupo hawezi. Lakini alimtazama fundi, akaitazama trela, akauliza kuwashwa ni kuwashwa kwa namna gani. Nikajua anakwenda kudanganya, na nikajua kwamba nitamsaidia, tena kwa sauti kubwa.

Mama akainuka. Akakatiza uani moja kwa moja, akapita karibu kabisa na mume wangu, karibu kuliko nilivyowahi kuona tangu nimeolewa, akasimama kati yake na fundi. Kiswahili cha mama ni cha soko na cha kanisa, lakini siku hiyo kilimtosha.

"Kijana, ni mimi," akasema. "Huyu alitaka kuzima. Mimi ndio nilimwambia wimbo haijaisha. Hiyo waranti andika jina yangu, twende. Nimekuja na blanketi."

Fundi alinitazama mimi. Nilifungua mdomo nieleze, nikaanza kucheka, na kabla sijamaliza kucheka nilikuwa nalia, kwa sababu nilimwona baba shambani na mama akiteremka barabara ya Embu. Ilibidi niingie jikoni.

Niliporudi fundi alikuwa amevua kofia. Alimweleza mama polepole kwamba hakuna mtu anayekamatwa, kwamba waranti yao ni ahadi tu ya kutengeneza bure. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaeleza na lile lingine. Mpira uliungua kwa sababu injini iliwashwa kavu kwa muda mrefu, na ahadi hiyo haigusi injini iliyowashwa kavu. Angelazimika kuandika hivyo.

Nilimwona mama akielewa. Lilimwingia kidogo kidogo, kwamba ameteremka toka Kibugu kuja kumwokoa mkwe wake na ndiye aliyemmaliza. Akajifunika mdomo kwa leso. Halafu akageuka akamwambia mwenyewe, moja kwa moja, bila kunituma mimi, akimwita muthoni, yaani mkwe kwa lugha yetu.

"Muthoni, nimekuharibia."

Mume wangu aliangalia chini, maana haya haikuwa imemtoka. "Hapana, Mama," akasema. "Mimi hakuna mtu amewahi kutaka kufungwa kwa sababu yangu."

Sitasema kwamba mambo yakawa mazuri papo hapo. Mimi nilikasirika wiki nzima. Nilikasirikia kitabu cha maelezo, muuzaji, ule ubeti wa mwisho, na mume asiyejua kusema samahani Mama, hii itaungua. Fahali wetu wawili waliuzwa, na mimi ndiye niliyewapeleka mnadani kwa sababu yeye hakuweza kuwatazama wakiondoka. Fundi yule yule akarudi na vipuri, akafunga injini upya, akaniachia mimi, si mume wangu, maagizo ya namna ya kuitunza.

Siku ya kuijaribu mume wangu alisema hapandi mtu kabla ya mama. Mama alikuwa bado kwetu. Alikubali, kwa sharti kwamba kwanza ashuhudie kwa macho yake kwamba pikipiki imekunywa maji. Tukaishusha bwawani, ikawashwa, ikayavuta maji na kuyarusha kwa nyuma, na mama akaridhika. Tukamvalisha jaketi ya kuelea juu ya sweta. Hapo ndipo sote, na wavuvi waliokuwa wakitazama, tulipong'amua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Abiria wa pikipiki ya maji hukaa nyuma ya dereva na kumshika kiuno.

Mume wangu aliyatazama maji, mama akavitazama vilima. Nikasema basi nitaendesha mimi, na wote wawili wakakataa kwa pamoja, jambo la kwanza walilowahi kukubaliana mbele yangu.

Mama akarudi kwenye kiondo chake. Akalitoa lile blanketi, akalikunja kwa urefu, akanipa, akaniambia nimzungushie mkwe wangu kiunoni juu ya jaketi. Sikumsahihisha kwamba huyo ni mume wangu, si mkwe wangu. Akavua leso yake nikalifungia blanketi nayo, nikakaza fundo mara mbili. Kisha akapanda nyuma, akalikamata blanketi kwa mikono yote miwili.

"Mimi nimeshika blanketi," akanitangazia, ili wavuvi nao wasikie.

Walikwenda taratibu, wakafika pale taa nyekundu ilipowaka mara ya kwanza, wakapita. Haikuzimika. Walipokuwa mbali kabisa nikaona mama ameegemeza kichwa mgongoni mwa mume wangu, na sikuwaambia wengine watazame. Waliporudi blanketi lilikuwa limelowa lote. Mama aliniambia nilianike uani kwangu, nisilirudishe kwenye kiondo, kwa sababu atalihitaji tena Jumapili.