Mistari Sita Aliyoifuta Mama

Kwa miezi minne mama yangu alinijibu kwa kichwa. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Mguu ulirudi taratibu, mkono ukarudi kidogo, lakini ulimi ulibaki mzito, na yeye si mtu wa kukubali kusikika akikokota maneno. Wageni wakija kumjulia hali aligeukia ukutani, mimi nikabaki kuwatengenezea chai na visingizio. Daktari alisema asipoutumia ulimi sasa, utabaki hivyo hivyo. Basi nikajigeuza mwalimu wa chekechea. Nikanyanyua kikombe nikamuuliza, "Mama, hiki nini?" Aliniangalia kama nimemtukana, na nadhani nilikuwa nimemtukana kweli.

Kabla ya kustaafu mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Barua za wakubwa ziliingia mezani kwake zimejaa makosa zikatoka zimenyooka, na hakuna mkubwa aliyewahi kuambiwa kwamba hajui kuandika. Zamani alikuwa akitusimulia hayo huku akicheka mpaka anashika mbavu.

Mimi ni fundi wa bodi za elektroniki za mitambo ya mawasiliano. Karakana yetu iko Kinondoni, ila kwa sababu ya mama niliomba siku tatu za wiki nifanyie kazi nyumbani, Madale, na bosi akakubali kwa shingo upande. Wiki ile nilileta nyumbani bodi iliyotoka kwenye mnara wa simu. Chipu yake ya saa ilikuwa imekufa, nikabandika mpya. Chipu hii haikuambii ni saa ngapi. Inatoa mapigo, mamilioni kwa sekunde, na vifaa vyote vya mnara vinayafuata ili vihesabu kwa pamoja. Mapigo yakiyumba, simu za watu zinakwaruza na kukatika.

Ikitoka kiwandani haijui lolote. Lazima uiandikie mstari kwa mstari: mapigo ya nje iyapokelee mlango upi, iyagawe kwa ngapi, iyatolee wapi. Kwa majaribio unaiandikia mara nyingi utakavyo, maana ukizima umeme inasahau yote. Kumbukumbu yake ya kudumu ndiyo yenye kazi, kwani ile unaichoma, yaani unaiandika isifutike tena, mara moja tu. Ukichoma kosa, umeitupa, na mimi sikuwa na chipu nyingine.

Maelekezo yalikuwa kwenye karatasi. Faili lenyewe lilipotea pamoja na kompyuta ya fundi aliyenitangulia, ikabaki orodha ya kurasa tano za namba na herufi, imechapwa kwa wino uliokuwa unaisha. Niliipiga picha ili kompyuta inisomee, ikawa inaona nane ni B na sifuri ni D. Nikaanza kuingiza kwa mkono. Jicho kwenye karatasi, jicho kwenye skrini, kufika mstari wa arobaini nimepotea. Nikasonya kwa sauti.

Mama alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikadhani anataka maji, kumbe anataka zile karatasi.

"Tuso... tusomeane," alisema.

Neno lilitoka limechubuka, lakini lilitoka. Baadaye alinieleza kwamba ofisini kwao hati nzito haikuondoka bila watu wawili kusomeana: mmoja anasoma nakala ya mwanzo kwa sauti, mwenzake anahakikisha kwenye iliyochapwa. Aliomba penseli na rula, akavaa miwani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaanza.

Herufi zilimtesa. B na D zilifanana kinywani mwake, naye alilisikia hilo, akakunja uso. Nikaogopa ataacha. Kisha akasema, "B ya baba." Akapumua. "D ya dada." Tukaenda hivyo, yeye anasoma, mimi nachapa, na sikuthubutu kumtazama kwa hofu kwamba nikimtazama atakumbuka aibu yake. Kufika ukurasa wa tatu alikuwa amesema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu augue. Nilikuwa na furaha nisiyojua niiweke wapi.

Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa tumemaliza. Nikaiwasha bodi kwa majaribio. Ina taa moja ndogo ambayo hugeuka kijani chipu ikishika mapigo. Taa ikabaki nyekundu. Nikazima, nikaandika upya, nikawasha. Nyekundu. Nikahesabu mistari ya kwenye skrini, nikahesabu ya kwenye karatasi. Sita haikuwepo.

"Mama, umeruka mistari."

Akatikisa kichwa kukataa.

"Umeruka, mama! Mistari sita! Si ungeniambia tu kama umechoka?"

"Mie... sijaruka," alisema.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilikuwa na usingizi wa wiki nzima kichwani. Nikamjibu, "Basi acha tu. Kazi hii huiwezi."

Alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi. Nikampakulia wali na mchicha, nikamuuliza niongeze chumvi. Akanijibu kwa kichwa. Nilisimama pale na sahani mkononi, nikaona miezi minne yote imerudi, na nimeirudisha mimi mwenyewe.

Nilichukua karatasi niitafute ile mistari. Nikaikuta imewekwa alama ya penseli pembeni, kitanzi kidogo chenye mkia, kimechorwa kwa mkono wa kushoto usiozoea penseli. Ilikuwa sita kamili, na yote ilikuwa ya aina moja: kila mmoja ulirudia namba kwa namba mstari uliokuwa juu yake. Mama hakuwa ameruka hata mmoja. Alikuwa amesahihisha. Mpiga chapa akiona mstari umeandikwa mara mbili anajua mwandishi alisinzia, anaufuta kimya kimya, mambo yanaisha. Na orodha ile alidhani nimeichapa mimi. Asubuhi nzima, kwa ulimi ule ule mzito, alikuwa ananistiri.

Nikaenda nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Mama, nisamehe. Nimekuvunjia adabu. Hukuruka. Ni mimi sikukwambia. Ile mistari inarudiwa makusudi."

Alizitazama karatasi mkononi mwangu.

"Makusudi... kwa nini?"

"Chipu yenyewe ndivyo ilivyo. Ukiiambia mara moja inasikia tu. Ukirudia ndiyo inatii."

"Kama wewe," alisema. "Ulivyokuwaga."

Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Kuiongeza ile mistari sita peke yangu kungenichukua dakika mbili. Nikafuta kila kitu kwenye skrini, nikamwomba aanze mwanzo.

Akavaa miwani. Alisoma taratibu kuliko asubuhi, na kila alipofika kwenye mstari uliojirudia aliusoma mara mbili kwa sauti ya juu kidogo, kama anayenikomoa. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia dirishani tulipomaliza. Nikawasha bodi. Kijani.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuichoma.

"Bado," mama akasema. "Sasa soma wewe. Mie nafuata."

Kumbe utaratibu wao ulikuwa na awamu ya pili: aliyesoma anakuwa msikilizaji, aliyechapa anasoma alichokichapa. Taa ilikuwa ya kijani, mgongo ulikuwa unaniuma, nilitaka kumaliza. Lakini ningemkatalia nini tena siku ile? Nikaanza kusoma kutoka kwenye skrini, harakaharaka, kama mtu anayefukuzwa. Mama alisogeza rula yake mstari baada ya mstari bila kuinua macho.

Kwenye ukurasa wa nne rula ikasimama.

"Rudi," alisema.

Nikarudi kutazama. Kwenye skrini kila kitu kilikuwepo. Nilikuwa nimeruka mimi katika kusoma, mistari miwili mizima, mtu mwenye macho mazima na ulimi mwepesi. Uso ukaniwaka moto. Nikasubiri aniambie neno ambalo nilikuwa nimemwambia yeye.

Hakuniambia. Aliiacha rula pale pale chini ya mstari nilioupita, akanisubiri mpaka nilipoufikia.