Wiki Moja Peke Yake

Bahati ya mama ni kwamba kiharusi kilimkuta Dar es Salaam, alikokwenda harusini. Kingemkuta kwake Rujewa, tungekuwa bado tunahangaika kutafuta gari. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kichwani, wakalitoa bonge la damu lililokuwa limeziba mshipa. Nilipouliza kama atapona, daktari wake, dada mpole kuliko mimi, alisema ni mapema mno kutabiri. Bonge limetoka, ila mama kurudi katika hali yake ni jambo jingine. Aliahidi kunipigia simu baada ya miezi mitatu, aandike mama amefikia wapi.

Miezi hiyo mama aliikaa kwangu Mbeya. Nilimlisha, nilimwogesha, hata kanga nilimfunga mimi. Akinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe, mimi nimeshakifikisha mdomoni. Nilijiona binti mwema kweli kweli.

Daktari alipiga kama alivyoahidi. Akauliza hili na lile, kisha akasema, "Mama anaweza kukaa peke yake wiki nzima, bila msaada?"

Nikapandwa na hasira. "Sisi huku hatuachi wazazi peke yao, daktari."

"Sijauliza kama mtamwacha. Nimeuliza kama anaweza."

"Hawezi," nikasema.

Mama alikuwa ameketi ubavuni kwangu, simu akiisikia. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, lakini maneno aliyamaliza yote. "Mwambie hujui. Hujaniacha nijaribu hata siku moja."

Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Akiweza, atataka kurudi kwake. Akirudi akaanguka, nani atamwinua? Nilimwomba daktari asiandike chochote kwanza.

Wiki iliyofuata nikampeleka Rujewa, nikamjazia maji na kuni, nikamuaga kwamba narudi Mbeya. Nikaishia nyumba ya pili, kwa jirani yake, mama mtu mzima aliyekubali kunificha huku akinicheka. Siku mbili nzima nilichungulia dirishani kila mama yangu alipotoka uani. Mara moja alichelewa chooni, nikaruka niende, jirani akanishika gauni.

Siku ya tatu, mchana, jirani alikwenda kumjulia hali, akarudi na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Hiki chako," akasema. "Mama yako kasema ule kingali cha moto. Na hilo pazia jepesi, anakuona tangu juzi."

Ulikuwa wali na maharage. Wali ulikuwa na mawe, maana vidole vya mama bado vilishindwa kuyaokota, na maharage yalikuwa yameshika sufuria kidogo. Nililia mbele ya jirani bila haya, nikala mpaka bakuli likabaki jeupe. Kisha nikampigia daktari.

"Mama anaweza," nikamwambia. "Ila mimi bado siwezi. Naomba wiki moja zaidi."