Siku Niliyoshushwa Garini

Jirani yangu fundi viatu hulowesha ngozi katika mawese. Harufu yake ikipenya dirishani, namwona baba amelala chali chini ya gari jekundu la viti viwili, miguu tu ikionekana.

Ilikuwa Uvira, mtaa wa Kimanga, miaka ya hamsini. Baba alitengeneza magari uani kwetu, na alikuwa na desturi moja: gari likishapona, alinipakia mimi, mtoto wake wa pekee, tukaenda hadi Kalundu na kurudi, mwenye gari akisubiri kwenye kigoda. Niliona ni zawadi yangu. Majirani walisema, "Gari bila Feza haiyapona." Mama hakutoka kamwe kututazama. Alibaki jikoni akipeta mchele, mgongo kaupa mlango. Nilidhani hapendi magari.

Lile jekundu lilikuwa la Bwana Yani, Mgiriki aliyenunua mpunga Bwegera. Lilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, lakini kesho yake alitaka kulipandisha milima ya Kamanyola kwenda Bukavu, njia ambayo upande mmoja ni mwamba na wa pili ni hewa tupu. Na usukani ulikuwa umelegea.

"Volan iko inacheza sawa jino ya muzee," alisema Bwana Yani.

Baba aliniketisha kwenye kiti cha dereva. "Vuta juu. Sukuma chini. Sasa pembeni." Nguzo nzima ya usukani ilisogea mikononi mwangu, ikigonga ko, ko. Akaona kwamba bulo mbili, yaani bolti, zinazoishikilia chini ya dashibodi zimelegea, akazikaza. Nilipovuta tena, haikusogea. Bwana Yani akapiga makofi.

Nikahamia kiti cha abiria, nikajiweka sawa. Baba akakaa, akageuza usukani kushoto, kisha kulia, kichwa kimeinama kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Feza, shuka."

"Baba, minye nilifanya nini?"

"Shuka. Leo haupande."

Nililia mbele ya watu. Bwana Yani alicheka, "Baba Feza, kosa iko ya mutoto ao ya gari?" Baba aliwasha gari. Alitoka peke yake, polepole, na hakufika mbali.

"Juu iko nguvu," alisema aliporudi. "Chini chuma iko inakula chuma."

Akaingia tena chini ya gari. Pale ambapo mti wa usukani, ile fimbo inayozunguka ndani ya nguzo, hutoka kwenye bomba lake palikuwa na pete ya kitambaa kizito cha kuushika usitikisike. Ilikuwa imebaki nyuzi tu. Uvira nzima hakukuwa na nyingine.

"Lakini kesho niko na safari!"

"Mulima ya Kamanyola haina haraka, Bwana."

Baba alikata ukanda wa ngozi ya ng'ombe, akaulaza ndani ya mawese hadi asubuhi, kisha akaupachika mahali pa ile pete. Akageuza usukani, akasikiliza, akageuza tena. Kimya.

"Feza, panda."

Nilipanda kwa kinyongo, bila kumtazama. Ndipo nilipomwona mama. Alikuwa ametoka jikoni, ungo mkononi umeinama, kuku wakiokota mchele miguuni pake. Tulipokata kona ya kuelekea Kalundu alikuwa bado amesimama pale.

Bwana Yani alikwenda Bukavu, akarudi salama, akatuletea viazi.

Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipoelewa kwamba baba hakuwa akinitembeza. Wenye magari walitaka uhakika, naye hakuwa na kingine cha kuwapa. Siku niliyojiona nimenyimwa ndiyo siku pekee aliyokataa kunitoa rehani.

Mchana ule, tulipotoka Kalundu, wali ulikuwa na changarawe. Mama hakuomba radhi. Baba alitafuna taratibu, akameza, akamsogezea mama sahani aongezewe.