Siku Baba Aliponyamaza kwa Mtani Wake

Baba yangu alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mgongoni mwa mama yake. Babu alitangulia na mfuko wa patasi, na nyuma yao kulikuwa na vita. Akakulia Mtoni, Temeke, akajifunza kuchonga mpingo Mtoni, akamwoa mama yangu, Mzaramo wa hapa hapa, akatuzaa sisi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza yeye ni wa wapi, mpaka vilipokuja vitambulisho vya taifa. Dirishani akaulizwa baba yake alizaliwa wapi, naye akasema kweli. Akaambiwa akae pembeni.

Mimi sikuambiwa nikae pembeni. Mama ni raia, nimezaliwa Temeke, nina shahada, kitambulisho changu kilitoka bila mtu kunitazama usoni mara mbili. Nimewahi kujiuliza nilifanya kazi gani kukipata, na jibu ni kwamba nilizaliwa tu. Hilo halikunisumbua mpaka jioni nilipoanza kumfundisha baba uraia.

Alikuwa ameomba tajnisi, kwa maana ya kupewa uraia kwa maombi, na tuliambiwa ataulizwa maswali. Basi kila jioni akimaliza kazi tulikaa kibarazani, mama anakaanga mihogo, mimi nauliza.

"Rangi nyeusi kwenye bendera?"

"Sisi watu wenyewe," anajibu, kisha ananyoosha mkono wake. "Hilo nitalisahauje na mie ninalo?"

"Baba, jibu tu. Usiongeze."

"Sawa, mwalimu."

Rangi ya kijani alijibu misitu na mazao, akataka kujua mbona hamna rangi ya mpingo peke yake. Beti za wimbo wa taifa alizijua kuliko mimi. Ubeti wa pili mimi huchanganya mistari. Nilipomuuliza idadi ya mikoa, nilichungulia simu kwanza ili nijue kama atakosea. Aliona, akanyamaza kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonifanya niinamishe kichwa. Mzee wa umri wake, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja, ananisubiri nimwambie amepata au amekosa.

Mama yeye hakuwa na wasiwasi na maswali. Wasiwasi wake ulikuwa mtani.

Mtani wa baba ni jirani yetu, Myao, fundi wa redio na feni. Wamakonde na Wayao ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na hawa wawili walikuwa wanautumia utani huo kama watu wengine wanavyotumia chumvi. Asubuhi haianzi bila matusi. Mtani akipita mbele ya kibanda cha kuchongea anapaza sauti, "We mla panya, bado hawajakurudisha kwenu?" Baba anajibu bila kuinua macho, "Nitarudije, na babu yako alimuuza babu yangu kwa kipande cha kaniki? Lete kwanza kaniki yetu." Alipofariki bibi, mama yake baba, yule mtani alikwenda kulala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani ameharibu mazishi. Baadaye nikaelewa kwamba bila yeye mazishi yasingekuwa yamekamilika.

Picha ya baba ilitoka gazetini, kwenye tangazo linalomtaka mwenye pingamizi na uraia wake ajitokeze. Mtani alikuja nalo mkononi.

"Nimeiona sura nikajua umekamatwa. Kumbe unaoa nchi nzima!"

"Naoa, na wewe ndiye utakayebeba mahari."

Mama alitoka jikoni na mwiko. "Nyie wazee, nisikilizeni. Siku watakayokuja wakubwa kuuliza habari zake, hayo maneno yenu myaweke ndani. Baba watoto, na wewe umesikia? Adabu. Ndiyo bwana, hapana bwana, basi."

"Nimesikia," alisema baba.

"Mie simo kwenye mtihani," alisema mtani, akaondoka anacheka.

Sasa niseme habari za kikundi chetu. Tulikuwa vijana wa mtaa, wengi tumemaliza chuo na hatuna ajira, tukaanzisha kikundi cha mazingira. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuliwaita wakazi tukasafisha mfereji unaomwaga maji bondeni, kule chini ambako mto unaingia kwenye tope la bahari na mikoko. Tulizibua, tulikusanya chupa, na maji yakipwa tulipanda miche ya mikoko. Nilikuwa naipenda kazi ile na wakati huohuo siiamini. Mfadhili alituletea fulana za kijani na katoni za maji ya chupa, na mwezi uliofuata tulikuwa tunaziokota chupa zile zile mferejini. Nilipouliza kwenye kikao kwa nini tusibebe ndoo na vikombe, mwenyekiti wa kikundi aliniambia, "Sista, wewe kila kitu ishu." Miche nayo tuliipanda kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu mistari inapendeza kwenye picha.

Baba hakukosa hata Jumamosi moja. Alikuja na jembe lake, akavua viatu, akaingia topeni na vijana.

Kwa hiyo afisa aliyepewa kazi ya kufuatilia maombi ya baba alipomuuliza mwenyekiti wa serikali ya mtaa akutane na majirani wapi, mwenyekiti alijibu kwa nia njema kabisa: njoo Jumamosi bondeni, utawakuta wote, na utamwona mzee mwenyewe akifanya kazi za jamii. Alitueleza hivyo kwa furaha. Hata mimi nilifurahi. Kama kuna mahali baba angeonekana alivyo, ni pale.

Afisa alikuja. Kijana, pengine hakunizidi miaka mingi, shati limenyooshwa, viatu vyeusi ambavyo baada ya hatua chache vilikuwa havina rangi. Tulimpatia mabuti akakataa. Mwenyekiti akaita watu wasogee, tukasogea na majembe yetu. Baba alikuwa amepiga magoti anashindilia tope kwenye mche. Akabaki vile vile, kama mtu anayeogopa kusimama mapema.

"Ndugu wananchi," afisa alisema, "mzee huyu ameomba uraia wa nchi yetu. Nimekuja kuwauliza nyie mnaoishi naye. Nani anamfahamu?"

Mtani akainua jembe juu kabla mtu hajapumua.

"Mie namfahamu! Huyu si wa hapa! Huyu aliletwa na mafuriko, akang'ang'ania mkoko, ndiyo maana anaupanda. Mrudisheni kwao, afisa, panya wamemkumbuka!"

Bonde zima lilicheka. Mimi nilicheka. Kina mama waliokuwa wanazoa taka walishikana mabega. Kisha kicheko kikapungua, tukageuka wote kumtazama baba, kwa sababu sasa ilikuwa zamu yake. Mtani alishakaa mkao wa kupokea, jembe begani, mdomo uko wazi nusu.

Baba alisimama. Alijifuta tope mikononi kwa suruali, akabana mikono ubavuni kama mwanafunzi mstarini.

"Ndiyo, bwana," alimwambia afisa. "Anachosema mzee ni kweli. Mimi si wa hapa. Naomba tu."

Mtani alishusha jembe.

"We, vipi? Nijibu," alisema. Baba hakujibu. "Nijibu bwana, mla panya we! Umekatwa ulimi?"

Safari hii hakuna aliyecheka, na maneno yale yale niliyoyasikia utoto wangu wote yalitoka yakiwa matusi matupu. Nilitamani ayarudishe mdomoni.

"Mzee," afisa alimuuliza mtani, "una ugomvi na huyu?"

"Ugomvi wa wapi? Huyu mtani wangu! Mie Myao, huyu Mmakonde."

"Na mimi nina watani, mzee. Kwetu mtani akitaniwa anajibu. Huyu hajajibu. Amekubali."

Hapo nikaingilia. Nilisema kwa sauti yangu ya semina kwamba utani ni mfumo wa kijamii, kwamba una kazi ya kujenga undugu baina ya makabila, kwamba lugha yake haipaswi kuchukuliwa kwa maana ya moja kwa moja. Nilisikia jinsi ninavyosikika, nimevaa fulana ya mfadhili, topeni, namfundisha mtu jambo analolijua.

"Dada, wewe ni nani yake?"

"Binti yake."

"Basi nakushukuru. Binti hawezi kuwa shahidi." Hakusema kwa ukali. "Nimeuliza swali la serikali mbele ya watu, nimejibiwa mbele ya watu. Kuna mwingine?"

Mwenyekiti alisema baba ni mtu mwema. Mama mmoja akasema hana makuu. Mwingine akasema hajawahi kusikia akimgombeza mtu. Yalikuwa kweli yote, lakini yalisikika kama maneno ya msibani, na afisa aliitikia kwa kichwa tu. Akaondoka akitafuta pa kukanyaga.

Baba alipiga magoti tena, akaendelea na mche wake.

Nyumbani mama hakumlaumu mtu. Aliendelea kusema, "Mie ndiye niliyemwambia adabu," tena na tena, mpaka baba akamwomba aache.

Nikamuuliza, "Baba, ulikosa la kumjibu?"

"Nilikuwa nalo," alisema. "Lilikuwa mdomoni hapa. La kaniki. Nikaogopa afisa asije akasema ninamtukana raia."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu dola na mipaka. Hakuna hata kimoja kilichoniandaa kwa neno lile, raia, likitoka kinywani mwa baba yangu, akimaanisha mtu aliyelala kwenye kaburi la mama yake.

Na kwa haki yote, babu wa yule mtani naye alitoka ng'ambo ile ile. Alivuka mto mapema tu, kabla hakujawa na mtu wa kuuliza. Baba alilijua hilo. Lilikuwa jibu lake jingine, na nalo lilibaki ndani.

Jioni ya pili mtani alikuja. Tulijua ni yeye kwa mwendo, lakini hatukumwelewa, kwa sababu alipiga hodi. Hajawahi kupiga hodi nyumbani kwetu. Kawaida huingia akiuliza kama panya wameiva, na mimi huniita mke wake mdogo. Safari hii alisimama mlangoni kwa kanzu na kofia.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

Mwanangu! Nikaenda kumwita baba.

Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema amekuja kuomba radhi. Baba akasema baina ya watani hakuna radhi. Mtani akasema anajua, lakini anaomba. Kisha akaeleza kwamba kesho yake anakwenda ofisini kwa afisa kutoa maelezo upya, ameshazungumza na mwenyekiti.

"Utawaambia nini?" baba aliuliza.

"Nitawaambia wewe ni mtu mzuri."

Wakatazamana, wazee wawili, na nikaona jinsi sentensi ile ilivyowalemea wote. Katika miaka yote waliyojuana hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake hivyo. Hawakuwa na haja nayo.

Alikwenda. Walimsikiliza, tena vizuri, alituhadithia aliporudi. Alieleza baba ni mpole, mchapakazi, hana kesi, anashiriki usafi wa mazingira. Akatia dole gumba. Afisa akamshukuru, akamwambia ila mzee, kwa kuwa sasa wewe ni shahidi, lugha ile isisikike tena mpaka shauri liishe. Wakikusikia unamtukana, maelezo yako hayatakuwa na uzito.

"Litaisha lini?" nilimuuliza.

"Hawajasema."

Tangu siku ile mtani akipita kibandani husema, "Habari za asubuhi, ndugu yangu." Baba hujibu, "Njema, ndugu yangu." Habari zilienea mtaani, na watu nao wakaanza kujichunga. Muuza kahawa aliyekuwa akimwita Msumbiji sasa anamwita mzee wangu. Vijana wa kikundi chetu wanampokea jembe. Wote wana adabu naye, ile adabu ya wodini, na mimi nikiwa mmoja wao. Juzi nimejikuta namuuliza kama amelala salama. Nimejaribu kujiambia kwamba ni ya muda tu. Lakini naona haya kupita na yeye barabarani, na si yeye ninayemwonea haya.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata tulirudi bondeni. Miche mingi ya mistari yetu ilikuwa imeng'olewa na maji. Kabla hatujaanza kazi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliomba dakika chache. Alitangaza kwamba faili la mzee wetu limetoka mtaani, limekwenda wilayani, na limekwenda na maneno mazuri.

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa mpangilio, kwa heshima, kama wanavyompigia mgeni rasmi. Baba alivua kofia akainama kidogo. Nilimtafuta mtani kwa macho. Alikuwa pembeni kabisa, karibu na maji, anapiga makofi na wenzake huku anatazama tope.

Kisha kila mtu akachukua jembe lake. Baba alichukua la kwake, akatafuta mahali pa kuchimba, na watu wakasogea kumpisha.