Wimbo Nilioimba Ndani ya Simu

Mjukuu wangu alitaka muziki ya vijana tu kwenye karamu ya arusi yake. Nikamwambia hapana. Karamu iko ya watu wote walioitwa, siyo ya miguu yenu peke yake.

Nilikuwa na sababu, na sikuificha. Kaka yangu wa Dranya, kijiji tulichozaliwa, alikuwa amekubali kuja. Mutu huyo hakuwahi kukanyaga nyumba yangu hapa mjini Oli, kwa sababu nilikubali binti yangu abatizwe katika dini ya baba yake. Sisi tulizaliwa Waislamu, watoto wa askari. Binti yangu aliolewa bila neno la baraka la mjomba wake, na kwetu msichana akitoka bila neno la mjomba ametoka nusu. Kila mimba yake ilipoharibika, watu waliangalia mimi. Akabaki na mtoto mmoja, na huyo ndiye sasa anaolewa. Nilitaka yule mzee amwekee mkono kichwani. Lakini alikuwa ametuma maneno: muziki ikimchukiza, anarudi Dranya.

Basi nikashika kazi ya muziki mimi mwenyewe. Nikamwita mpiga muziki, mtu mzima mwenye mvi, akaja na kompyuta yake akakaa jikoni kwangu. Mjukuu akakaa pembeni, amenuna.

"Haboba," akasema, maana kwetu Koboko ndivyo bibi anavyoitwa, "ukiweka kwaya, halafu adungu, halafu rumba ya zamani, sisi tutacheza saa ngapi? Wakati wa kuosha sahani?"

"Mutacheza mukishiba. Nani anacheza na njaa?"

"Na wewe utacheza?"

"Mimi niko na magoti mbili tu, na zote zimechoka."

Mpiga muziki alicheka. Mimi sikucheka. Tukapanga. Upande wa bwana arusi ni watu wa kanisa kutoka Logiri. Hao wapate kwaya wakati wa kuingia. Adungu, ile ya nyuzi, ipigwe taratibu wazee wakila. Rumba ya Kongo iwe ya watu wa umri wa binti yangu, maana walikulia kule ukimbizini. Vijana mwisho. Kwa kaka yangu sikupata kitu kwenye kompyuta ile. Ndipo nikakumbuka wimbo wa wanawake wa Dranya wakimtoa bibi arusi kwa mama yake: hakuna ngoma, miguu tu inapiga chini. Mama yetu alikuwa anauongoza. Nikauimba ndani ya simu ya mjukuu, na mpiga muziki akaupa nafasi yake, wazee wakimaliza kula, kabla ya baraka.

Nilijisifu. Nilisema moyoni, leo nimewaweza wote.

Siku ikafika. Kaka alikuja na kanzu nyeupe, pamoja na wanawake wawili wa kwao, wakakaa mbele ndani ya hema. Kwaya ikapita, alitazama chini tu. Adungu ikapita, kidole chake kikawa kinagonga fimbo. Pilau alikula, kwa sababu nilihakikisha imepikwa na majirani Waislamu. Nikaanza kupumua.

Halafu sauti yangu ikatoka kwenye spika.

Kaka aliweka kikombe chini. Wale wanawake wawili wakaweka mikono juu ya vichwa, na mmoja akaanza kulia kilio chenyewe, cha matanga. Watu wa Logiri wakatazamana. Kaka akasimama akatoka hemani bila kuangalia mutu.

"Zima!" nikamwambia mpiga muziki. "Zima hiyo!"

Nilimkuta kaka nyuma ya nyumba, pale walipopikia, amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Nani alikutuma kuimba hiyo hapa?"

"Iko wimbo ya arusi, kaka. Mama mwenyewe aliimba."

"Ilikuwa."

Wakati wa vita mimi na bwana yangu tulikimbilia Kongo. Kaka na mama walikimbilia Sudan, na mama akafia kule. Habari ya kufa nilipata. Habari ya kuzika sikupata, na baadaye ugomvi wetu ukafunga mdomo.

"Ngoma hatukuwa nayo kambini," kaka akasema. "Mama alisema, munipeleke kama bibi arusi. Wanawake wakamwimbia hiyo mpaka kaburini. Shehe alikasirika, mimi nikamwambia, wacha. Tangu siku ile kwetu haiimbwi arusini. Mutu akikufa, ndiyo inaimbwa. Watoto wadogo wanajua. Wewe tu."

"Hukuja kuniambia."

"Na wewe ulikuja kuuliza?"

Nilikaa chini kwenye majivu na nguo yangu mpya. Nikamuuliza nani alimwosha, nani alichimba, kama kulikuwa na mti karibu. Akajibu moja moja. Mti haukuwepo. Walichimba kwa jembe moja wakipokezana.

Mjukuu akatukuta hapo, gauni ameiinua kwa mkono isiguse chini. Alifikiri mzee ameondoka. Akapiga magoti juu ya maganda ya vitunguu.

"Babu, kosa iko yangu. Mimi nilimwambia haboba aimbe."

"Nyamaza. Siku ya arusi hapana sema uongo." Akamtazama. "Mama yako iko wapi? Mwite."

Binti yangu akaja mbio, akifikiri kuna mutu ameanguka. Yeye pia ana mvi sasa. Kaka akamwonyesha mahali pa kupiga magoti, kando ya mtoto wake. Akanawa mikono kwa maji ya wapishi, akaiweka kwanza juu ya kichwa cha binti yangu. Kisha akalitaja jina la mama yetu na kusema neno ambalo binti yangu alilingoja tangu yeye mwenyewe ni bibi arusi. Baada ya hapo akahamisha mikono kwa mjukuu, akarudia neno lile lile.

Hakuna aliyepiga picha. Mimi nilibaki kwenye majivu. Hakuna aliyenipa mkono wa kuinuka, na sikuomba.